Mkoba wa Mama Icie

Retha Blankenship alirudi kutoka mafunzoni na furushi la karatasi kubwa kwapani, na kabla hajavua koti akaanza kuzibandika ukutani jikoni. Ukuta ulipojaa akahamia kwenye friji. Mumewe, Delmer, alipotaka maziwa, ilimbidi apenyeze mkono chini ya "Malengo ya Miaka Mitano" kama mtu anayeiba mayai kwa jirani.

"Usiichane hiyo," Retha alisema.

"Nataka maziwa tu."

"Kwa nini?"

Delmer akageuka kumtazama. "Nina kiu."

"Na kwa nini hapa?"

"Kwa sababu friji iko hapa, mke wangu. Wamekunywesha nini huko Charleston?"

Hawakuwa wamemnywesha kitu. Walikuwa wamemketisha juma zima katika ukumbi wa hoteli, pamoja na akina mama na wachungaji na askari kutoka mabonde yote ya makaa ya mawe, wakawafundisha namna ya kuunda muungano wa kuzuia dawa za kulevya, na hasa namna ya kuuzuia usife siku biskuti za mkutano zinapokwisha. Mkufunzi wao, Bi Pruitt, mama mfupi mwenye sauti ya kuita kuku, aliwaambia kwamba kiongozi mbaya hukimbilia mabango na fulana, ilhali kiongozi mzuri huuliza maswali mawili: kwa nini, na kwa nini hapa. Retha aliyabeba maswali hayo hadi nyumbani kama mtoto aliyenunuliwa tarumbeta.

Lakini alikuwa na sababu yake, na Delmer aliijua. Mtoto wao, Lonnie, alikuwa amekaa karibu mwaka mzima katika nyumba ya matibabu ya uraibu huko Ohio, jimbo jirani, na angetoka mwisho wa mwezi. Mshauri wake alipiga simu, akaongea kwa ule upole unaochoma kuliko matusi. Lonnie anaweza kurudi kijijini kwao Caney Lick, alisema, mradi nyumbani kwao, na katika nyumba yoyote ya jirani anayoingia bila kubisha hodi, pasiwe na kidonge hata kimoja cha maumivu. Vinginevyo watamtafutia chumba mjini, awe mbali.

Nyumba ambayo Lonnie aliingia bila kubisha hodi ilikuwa ng'ambo ya ua. Ilikuwa ya bibi yake, Mama Icie, mama yake Delmer.

Na hapo ndipo Delmer alipokosa usingizi. Alijua kilichomo kwenye kabati la mama yake, na alikijua kwa njia mbaya kuliko zote: kwa kukimeza. Mgodi ulikuwa umemrudisha nyumbani na mgongo usiofaa hata kufunga viatu. Retha hakujua lolote. Yeye hakuwa mtu wa kuumwa, na Mama Icie hakuwahi kumpa kidonge mtu asiyeumwa.

Delmer alikusudia kumwambia mkewe Jumatatu. Jumatatu ikapita. Jumanne Retha alikuwa na shughuli nyingi. Jumatano Delmer aligundua kwamba bomba la nyuma linavuja, akalishughulikia siku nzima bomba ambalo halikuwa na neno.

*

Muungano ulikutana mara ya kwanza Alhamisi jioni, katika chumba cha chini cha kanisa. Bi Pruitt alikuwa amesisitiza kwamba muungano usio na kila aina ya watu ni kikundi cha marafiki tu: lazima wawemo wazazi, vijana, polisi, dini, shule, biashara, habari, na kuendelea, jumla aina kumi na mbili. Caney Lick haikuwa na watu wa kutosha kwa aina zote hizo, kwa hiyo Retha aliwagawia waliopo vyeo viwili viwili. Nola, mwenye kituo cha mafuta, alikuwa biashara na wazazi na vyombo vya habari, hili la mwisho akiwa amelifanya miaka yote bila kuteuliwa. Askari wa kaunti, Dallas Mullins, alikuwa sheria na vijana, kwa kuwa alikuwa na miaka arobaini na bado aliishi kwa mama yake. Mchungaji Harless alikuwa dini. Alipewa pia afya, akashukuru.

Delmer alisimama nyuma kulinda birika la kahawa. Mama Icie alikaa mbele kabisa na pai ya tufaha magotini na mkoba wake mweusi wa kanisani juu ya kiti cha pembeni. Alikuwa na miaka themanini na moja na alijivunia mkwewe waziwazi.

"Tuanze na jambo moja," Retha alisema, kalamu nene mkononi. "Vidonge vinavyotumaliza vinatoka wapi?"

"Ohio," Nola alisema upesi.

"Watu wa Ohio wanasema vinatoka kwetu," Mullins alisema.

"Madaktari," Mchungaji Harless alisema. "Madaktari, na imani iliyopoa."

Retha aliandika "madaktari" na kuiacha imani. "Hayo ni ya kila mahali. Mimi nauliza hapa. Mtu wa Caney Lick akiamka na maumivu, anakwenda kwa nani?"

Ghafla kila mtu akapata kitu cha kutazama. Mullins aliangalia buti zake. Nola alisoma kwa makini maandishi kwenye pakiti ya sukari. Huko nyuma Delmer alilifungua birika, akachungulia ndani, akalifunga.

Mama Icie peke yake ndiye aliyetikisa kichwa kwa masikitiko. "Aibu yake, awe nani awaye," alisema. "Mtu wa namna hiyo afungwe."

Mchungaji Harless akaona upenyo wa kutokea. "Tuombe," alisema, akainuka kwa pupa, na mgongo ukamnasa katikati ya safari. Akabaki amejikunja, mkono mmoja mezani, kama mtu aliyeangusha sarafu na kusahau ni ya kiasi gani.

"Usitikisike, mchungaji!" Mama Icie alikuwa ameshaufungua mkoba. Akachakura kati ya leso na peremende, akatoa kichupa cha vidonge cha rangi ya chungwa, akakitikisa. "Nusu tu, kama ya juzi. Kile kizima kilikufanya utuhubirie Mambo ya Walawi yote."

Mchungaji hakuunyoosha mkono kukipokea.

Retha alikitazama kichupa, kisha akamtazama askari. "Dallas?"

"Goti," Mullins alisema kwa sauti ndogo.

"Nola?"

"Jino. Mara moja tu."

"Mara nne," Mama Icie alimsahihisha kwa upole. "Na ulinilipa kwa maharage ya kopo, lakini mimi sikusema kitu."

Macho ya Retha yakasafiri hadi mwisho wa chumba. "Delmer?"

"Mvua ikinyesha tu," Delmer alisema.

"Hapa kwetu mvua inanyesha kila juma."

"Ndiyo hivyo," Delmer alisema, na papo hapo akatamani angekuwa bado mgodini.

"Mbona mnatazamana hivyo?" Mama Icie aliuliza. "Hizi ni dawa za Orbie, marehemu mume wangu. Zimeandikwa na daktari. Sijauza hata kimoja maishani mwangu." Akamgeukia mkwewe, na alichokisoma usoni mwake kikaufanya mdomo wake ujikaze. Akakirudisha kichupa mkobani. Akaufunga mkoba kwa mlio mdogo. Kisha akaichukua pai yake, ambayo haikuwa imekatwa bado, akatoka nayo.

Hapo Delmer akajua kwamba mambo yameharibika kweli. Katika Caney Lick watu walikuwa wameshapigana ngumi kanisani, lakini hakuna aliyewahi kuondoka na pai yake.

*

Kesho yake asubuhi Mama Icie alimwita Delmer akamkabidhi bakuli la kuokea, mali ya Retha. Lilikuwa limeoshwa, limefutwa, na ndani hamna kitu.

Delmer aliliweka juu ya meza jikoni kwake. Retha akalichungulia.

"Umeona kilichomo?" aliuliza.

"Hamna kitu."

"Ndicho ninachokuuliza. Umeona?"

Miaka yote vyombo vilikuwa vikivuka ua ule na kurudi, na hakuna kilichowahi kurudi kitupu. Kama hakuna keki, kuna mkate wa mahindi. Kama hakuna mkate, vitunguu viwili. Mwaka mgodi ulipofungwa, Mama Icie alirudisha sufuria na yai moja lililochemshwa, nalo likahesabika. Retha akafungua kabati, akatoa sahani ya kioo ya mama mkwe wake, akaiosha, akaifuta.

"Mpelekee."

"Na nini ndani?"

"Peleka, Delmer."

Ikawa vita. Kutwa nzima Delmer alivuka ua na vyombo vitupu. Zilirudi sahani, zikarudi sufuria, likarudi jagi lililosahaulika tangu harusi ya mtu ambaye alishaachika. Wanawake wale wawili walitoa kabatini kila kilichokuwa cha mwenziwe, wasizungumze neno. Mgongo wa Delmer ukawaka moto, na hapakuwa na nyumba hata moja kati ya zile mbili ambamo angethubutu kusema unauma.

Jioni Retha alimpigia simu mkufunzi wake, akaiweka mezani ili mikono yake iwe huru kumenya viazi. Alimenya kwa hasira. Viazi vilibaki vidogo kama karanga.

"Nimempata," alisema. "Yule wanayemwendea."

"Hongera!" sauti ya Bi Pruitt ilijaa jikoni. "Wengine huchukua miaka. Basi usimfukuze, mama. Huyo ndiye mtu mwenye nguvu kuliko wote hapo kijijini. Mwingize ndani. Mpe kazi."

"Ni mama mkwe wangu."

Delmer alidhani simu imekatika.

"Hilo," Bi Pruitt alisema hatimaye, "halimo kwenye mafunzo."

*

Jumamosi ilikuwa imebaki sufuria moja tu ya Mama Icie, na Retha alimkabidhi Delmer kifuniko chake peke yake. Delmer alikipeleka, akakuta mama yake ameketi jikoni, mlango wa kabati la juu ya sinki ukiwa wazi. Vile vichupa vya rangi ya chungwa vilijaa rafu mbili, vimepangwa kama mitungi ya jamu.

"Kaa," Mama Icie alisema. "Unatembea kama baba yako alivyokuwa anatembea."

Delmer akakaa. Alikuwa ameandaa maneno mazuri njiani, lakini njia yenyewe ilikuwa fupi.

"Mama, Lonnie anatoka mwisho wa mwezi."

"Najua. Nimeshamtandikia kitanda cha kule nyuma, aje alale hata huku akitaka."

"Hawatamruhusu aje. Hivyo vikiwepo, hawatamruhusu. Watampangia chumba mjini."

Mama Icie aligeuka taratibu. "Nani kasema?"

"Mshauri wake. Si Retha."

"Kumbe mimi ndiye ninayemzuia mtoto asije kwao."

"Sikusema hivyo."

"Umesema na kifuniko mkononi." Akakinyoosha kitambaa cha meza. "Alichukua humu, Delmer? Lonnie. Alianzia humu?"

"Sijui, Mama. Hajasema. Na sisi hatujamuuliza."

Mama Icie akaitikia kwa kichwa, mara moja, kama mtu anayepokea mzigo na kuupima. Kisha akasimama akakichukua kichupa kimojawapo, akakigeuza ili Delmer aone karatasi iliyobandikwa: Orbie Blankenship, kimoja kila baada ya saa sita, pamoja na chakula.

"Barua zilikoma kuja na jina lake," alisema. "Watu wa simu wamelitoa. Benki wamelitoa, wakanitumia pole yenye makosa. Humu bado lipo." Alikirudisha mahali pake. "Na jambo jingine, usicheke. Watu hawaji kumtazama mjane. Wanakuja juma la kwanza na viazi, basi. Lakini mtu akija na mgongo wake, anakaa. Huwezi kumeza kidonge cha mtu ukaondoka papo hapo, si adabu. Anakaa, anakunywa kahawa, ananiambia ya kwao. Nikivitoa vyote hivi, nani atakaa kiti hicho?"

Delmer alikigeuzageuza kifuniko. Mlango wa nyuma ulisukumwa, bila hodi, akaingia Retha na sufuria yenyewe. Ilionekana wazi kwamba alikuwa amesimama nje kwa muda, maana nywele zake zilikuwa na manyunyu.

Aliiweka sufuria mezani mbele ya mama mkwe wake. Mvuke ulikuwa unatoka. Maharage na mfupa wa nguruwe.

"Kimekosekana kifuniko chake," Retha alisema.

Delmer akakiweka kifuniko juu yake haraka, kabla mtu hajabadili nia.

"Nilikuaibisha mbele za watu," Retha alisema.

"Nilijiaibisha mwenyewe. Wewe ulishika kalamu tu." Mama Icie akavuta sufuria karibu, akanusa. "Chumvi imezidi."

"Imezidi, ndiyo. Nilikuwa na hasira. Mama, sikuja kukuomba uache kupokea watu. Nimekuja kukuomba uendelee. Mimi nikiwaita walete vidonge vyao kanisani, watakuja watatu, na mmoja atakuwa amepotea njia. Wewe ukiwaita watakuja wote."

"Wewe ndiye mwenyekiti."

"Mimi ndiye mwenyekiti."

"Na mimi nani?"

"Wewe ndiye wanayemwendea."

Mama Icie aliliwaza hilo. "Hicho ni cheo?"

"Bi Pruitt anasema hakuna kikubwa kuliko hicho."

"Kina beji?"

Retha akamtazama Delmer. Delmer akatazama dari.

"Kina beji," Retha alisema.

*

Mama Icie alipiga simu siku mbili mfululizo. Hakusoma hotuba. "Nola, leta vile vya jino, hata kile ulichosema umekimeza." "Mchungaji, nakusubiri Jumamosi, na usilete nusu." Mama yake Mullins alipoambiwa mwanawe anavyo saba kwenye droo ya soksi, alivileta mwenyewe, na soksi.

Siku yenyewe, Mullins aliweka sanduku la chuma kwenye uwanja wa kanisa, akiwa amevaa sare kamili na uso wa mtu anayeomba asiulizwe chochote. Mama Icie aliketi kando ya sanduku kwenye kiti cha kukunja, amevaa koti la Pasaka. Beji aliyoitengeneza Retha ilikuwa kubwa kama sahani ya chai. Foleni ilifika hadi kwenye pikapu za barabarani. Kila mtu aliyefika mbele aliulizwa habari ya maumivu yake kwa jina lake na kwa sauti, nyonga za mmoja na bawasiri za mwingine, na walio nyuma wakasikia habari ambazo Nola alikuwa akizitafuta kwa miaka.

"Si lazima useme hadharani, Mama Icie," Mullins alinong'ona.

"Tumbukiza, Dallas. Ni zamu yako."

Askari akatumbukiza, watu wakampigia makofi, masikio yake yakawa mekundu.

Mwisho ilikuwa zamu ya Mama Icie mwenyewe. Delmer alikibeba kikapu cha vichupa vya mama yake kutoka kwenye pikapu. Mullins akamnyooshea kalamu nyeusi. "Tunafuta jina kwanza, kisha kichupa kinaingia. Ndio utaratibu."

Mama Icie aliitazama kalamu ile. Mkono wake haukutoka kwenye mkoba.

Retha aliona kwanza. Akamsogeza Mullins kando kwa nyonga yake, kama anavyosogeza watoto kwenye foleni ya chakula shuleni anakopika. "Utaratibu unataka vidonge," alisema. "Mimina, Mama. Vichupa ni vyako."

Kwa hiyo akamimina. Alifungua kimoja kimoja, vidonge vikashuka ndani ya chuma kwa mlio wa mvua ya mawe, na kila kichupa kilipoisha alikifunga tena, akakirudisha kikapuni jina likitazama juu. Ilichukua muda mrefu, na watu waliokuwa wameshamaliza shughuli zao hawakuondoka. Mchungaji Harless alivua kofia. Hakuna aliyemwomba.

*

Lonnie alifika siku ya mvua, kwa basi, amenenepa kidogo na amenyolewa vibaya. Baada ya chakula alivuka ua. Delmer na Retha wakamfuata na vyombo, kwa kuwa hawakuweza kukaa tu.

Aliingia bila kubisha hodi. Akasimama katikati ya jiko la bibi yake, na jicho lake, kabla hajalizuia, likaenda kwenye kabati la juu ya sinki. Lilikuwa wazi makusudi. Rafu zilikuwa zimejaa vikombe.

"Umeshaangalia," Mama Icie alisema. "Sasa kaa."

Lonnie akakaa. Shingo ilikuwa imemwiva kwa aibu.

"Huko walikokufundisha," bibi yake alisema, "mtu akiumwa walisema afanye nini?"

"Amwambie mtu, bibi."

"Halafu?"

"Basi. Amwambie tu mtu."

"Mwaka mzima wamewafundisha hilo moja?"

"Karibu mwaka."

"Linasaidia?"

Lonnie alifikiri. "Siku nyingine."

Mama Icie alivuta kiti, akakaa mbele yake, magoti yakikaribiana. Kwenye sinki, Retha alifungua bomba kisha akalifunga, ili asikie. Delmer alisimama na sahani iliyokwisha kukauka, akaendelea kuifuta.

"Utaniambia yako ukiwa tayari," Mama Icie alisema. "Leo nitaanza mimi, ili uone inavyofanywa."

Akaanza na magoti. Magoti yalimchukua muda. Lilisimuliwa la kulia, likasimuliwa la kushoto, na daktari aliyewahi kuyachanganya. Lonnie alianza kutabasamu. Kutoka magotini akaenda kwenye mgongo, na kutoka mgongoni kwenye meno. Kisha akasita, akamshika mjukuu wake mkono, na polepole, kwa sauti ambayo Delmer hakuwa ameisikia tangu siku ya mazishi, akafika kwa Orbie.